Anayeonja Kwanza

Kasulu
11 Machi 2024

Mzee Bazilio,

Shikamoo. Najua simu ni mateso kwako. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu, ukanijibu kwamba maharage yameshavunwa. Kwa hiyo nimechukua kalamu, na nimeandika herufi kubwa ili usilazimike kumwita mtu akusomee.

Ni mimi Deborah, yule nesi wa utafiti anayewafuatilia watu wa huku juu waliopasuliwa moyo kule Dar es Salaam. Wewe ulipandikizwa mishipa mwaka 2018, na tangu hapo kila baada ya muda tunachukua damu yako, tuone kama mafuta yaliyomo yanaweza kutuambia lolote kuhusu miaka inayokuja: nani mishipa yake mipya itadumu, na nani yake itaanza kuziba. Januari nililala na malaria nikashindwa kuja Kibondo, ndiyo maana mlipokelewa na mtaalamu mgeni wa maabara asiyemjua yeyote kwa sura.

Sasa majibu. Mafuta mengi yako vizuri. Tatizo ni yale yenye jina refu, lipoproteini a. Unakumbuka nilikueleza kwamba ni ya kurithi? Mtu anazaliwa nayo, nayo hayajali umekula mawese au mchicha. Yakiwa juu, tunaona mara nyingi mishipa iliyopandikizwa inaziba mapema kuliko tulivyotarajia. Yako yalikuwa chini kabla hujapasuliwa, na yamebaki chini kila tulipopima baadaye. Ya Januari yamerudi yakiwa karibu mara sita ya yale ya zamani.

Mzee, hayapandi hivyo. Nimewaomba maabara warudie, wamerudia, ni yaleyale. Nitakuwa mkweli kwako: nilifurahi kabla ya kuogopa, maana kitu kisichobadilika kikibadilika, mtu wa utafiti hapati usingizi. Ndipo nikakumbuka ni kifua cha nani.

Kuna mambo machache yanayoweza kuyapandisha, kwa mfano figo zikivuja au tezi ya shingo ikizembea kazi. Naomba unijibu. Miguu inavimba? Mkojo una povu? Unasikia baridi wakati wenzako wanalalamikia joto? Na unisimulie siku ile ya kutoa damu ilikwendaje tangu ulipoamka. Usiache kitu, hata ukiona hakina maana.

Barua nampa wakala wa basi la asubuhi. Tangu lami ifike, basi halina visingizio.

Mwanao,
Deborah Ntirampeba


Kibondo
16 Machi 2024

Mwanangu Deborah,

Marahaba, na mwakeye, kama tunavyosalimiana huku kabla jua halijachoma. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Nianze na maswali yako, maana mgeni hupewa kiti kwanza. Miguu haivimbi. Huo wa kushoto mliochomoa mshipa mkaupeleka moyoni una kovu tu, na huwa nautania kwamba nusu yake imehamia mjini. Mkojo nimekuwa nauchungulia kwenye kopo kila asubuhi mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza uganga. Hauna povu. Baridi naisikia sawa na kila mtu wa Kibondo.

Siku ya damu niliamka bila kula, kama mlivyoagiza. Kabla sijavaa viatu akaingia mkwe wangu Sylvesta, baba wa mume wa binti yangu, na dumu la urwarwa mkononi, ile pombe yetu ya ndizi. Alikuja kutangaza kwamba tumepata mjukuu wa kiume. Wewe ni mtoto wa nyumbani, unajua. Anayeleta pombe huonja kwanza, ionekane hakutia kitu kibaya. Kisha mwenye nyumba huonja, ndipo wengine wanywe. Nisingeonja, ningekuwa nimemwambia Sylvesta mbele za watu kuwa ni mchawi. Nikaonja. Kuonja kwetu unakujua, hakuishii kwenye ncha ya ulimi. Tukafurahi sana. Shughuli ya damu nayo ikaenda vizuri, Harerimana alinisaidia kama kawaida yake.

Huyo Harerimana ni mdogo wangu wa kunifuata, baba mmoja mama mmoja, nyumba yake na yangu zinatazamana. Tangu nipasuliwe yeye ndiye kifua changu. Gunia anabeba yeye, maji anachota yeye, hata mlango ukigoma kufunguka mke wangu haniiti mimi, anapaza sauti ng'ambo ya pili.

Mimi nimepasua mbao mpaka mashine ikanila masikio, mwishowe nikapasuliwa mwenyewe, kwa hiyo msumeno siuogopi. Ila niambie wazi, mwanangu: mshipa wa mguu umeanza kuziba? Nina mbao za mninga nilizoziweka kwa ajili ya milango ya nyumba ya mwanangu. Siku hizi nazitazama kwa jicho lingine, na kusema kweli naogopa.

Na swali langu nami. Mafuta yanakaaje ndani ya damu bila kuelea? Kwenye mchuzi yanaelea.

Baba yako,
Bazilio Nsabimana


Kasulu
20 Machi 2024

Mzee Bazilio,

Shikamoo. Nianze na swali lako, maana nimelipenda. Mafuta yangeachwa peke yake yangeelea, na sote tusingekuwepo. Kwa hiyo mwili huyafunga kwenye vifurushi vidogo vyenye ganda la protini, kama unavyofunga mzigo kwa turubai ndipo uupakie kwenye baiskeli. Vikishafungwa vinasafiri na damu bila shida. Yale yenye jina refu ni kifurushi chenye mkia, na tunadhani mkia huo ndio unaoleta matata kwenye kuta za mishipa. Bado watu wanauchunguza. Mengi hatuyajui, na hilo ndilo linalonifanya niamke mapema kwenda kazini.

Sasa zamu yangu. Umesema ulionja pombe, na kuonja kwenu nakujua, mimi ni mzaliwa wa Makere. Kuna mafuta mengine ya damu, si haya ya mkia, ambayo hufuata kile mtu alichokula na kunywa. Mtu akinywa asubuhi kama mlivyokunywa ninyi, ningetarajia yawe yamepanda. Katika damu ya Januari yamekuwa chini kabisa, chini kuliko yalivyowahi kuwa katika damu yako. Ile ni damu ya mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Nimekaa na barua yako mkono mmoja na majibu mkono wa pili, na hivyo viwili havikubali kukaa nyumba moja.

Basi nakuuliza, na usinichukulie vibaya: ni nani aliyekaa kwenye kile kiti?

Mbao za mninga ziache zilivyo kwanza.

Mwanao,
Deborah


Kibondo
24 Machi 2024

Mwanangu,

Si ungeuliza tangu mwanzo. Alikaa Harerimana.

Nilipokwisha kuonja nikakumbuka onyo lako kwamba nifike sijala wala kunywa. Gari la maabara lilikuwa limeshafika zahanati, na likiondoka halirudi leo wala kesho. Harerimana alikuwa ametoka shambani, mdomo mkavu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mafuta hayo ni ya ukoo, yanatoka kwa baba na mama na hayabadiliki. Sisi tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Damu yangu ilikuwa imeshaingia urwarwa, yake ilikuwa safi. Nikaona niwapelekee ile safi, damu ni ileile. Nikampa kadi yangu, akaenda. Sura zetu hata marehemu mama alikuwa anazichanganya. Nilidhani nimewarahisishia kazi.

Kwa hiyo namba ile si yangu. Nimecheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nimekwenda nikazigonga zile mbao nikaziambia mtakuwa milango. Leo kanisani nimeimba kwa sauti, na kiziwi akiimba kwa sauti waumini wengine hubeba msalaba, lakini wamenivumilia. Hivi ninavyoandika nimemwita Harerimana tule pamoja. Amekuja na mzigo wa kuni, maana huyu hajui kuja mikono mitupu. Ameushusha, akasimama kidogo, akajishika hapa katikati ya kifua. Nimemuuliza nini, akasema ni kiungulia cha mihogo.

Deborah, niliweka kalamu chini, sasa nimeichukua tena. Kama namba ile si yangu, ni yake.

Andika upesi.

Bazilio


Kibondo
2 Aprili 2024

Nesi Deborah,

Sijawahi kukuandikia. Mimi ni Harerimana, baba yake Irakoze, niliyetoa damu kwa jina la mkubwa wangu.

Tangu umwandikie kwamba anilete Kasulu nipimwe, kaka amegeuka mtu mwingine. Ananinyang'anya jembe. Juzi nilikuwa napakia gunia la mahindi kwenye baiskeli, akaja akalikalia. Mtu mwenye wajukuu, amekaa juu ya gunia mbele ya majirani, hataki kuondoka. Nimemwambia siendi Kasulu. Mimi sikupasuliwa.

Wewe nakuambia kwa sababu uko mbali. Nikipandisha mlima kutoka kisimani na ndoo, kifua kinabana, kama kuna mtu amenikanyaga. Nikisimama kinaachia. Kimeanza tangu msimu wa kupanda. Nasema ni kiungulia ili watu walale.

Usimwambie kaka. Moyo wake umeshonwa. Wakati wa kumtoa hospitali walituambia asibebe kitu, na mimi ndiye niliyesikia, kwa sababu yeye hasikii. Akijua kwamba naumwa, atabeba yeye. Akibeba atakufa, na mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Kwa hiyo siwezi kuumwa, nesi. Hakuna mtu wa kushika zamu yangu.

Niandikie tu jina la dawa ya kununua dukani.

Harerimana


Kasulu
5 Aprili 2024

Baba Irakoze,

Shikamoo. Hakuna dawa ya dukani. Kifua kinachobana ukipanda mlima na kuachia ukisimama si mihogo. Ni moyo unaoomba damu zaidi na haupewi.

Namba uliyotoa Januari si hukumu. Wapo wenye namba kama hiyo waliozeeka vizuri. Na kaka yako hana namba hiyo, ila sigara zake za enzi za mbao na presha yake vilitosha kumfikisha kwenye kisu. Sisi tunapima ili tukisie, kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika mahindi. Lakini wewe una wingu, na tayari unasikia ngurumo. Njoo Kasulu. Nakusihi kama mtoto anavyomsihi baba yake.

Siri yako sitaitoa, si mali yangu. Ningependa uitoe wewe.

Kuna neno moja katika barua yako limenitoa jasho. Nani alisema kaka yako asibebe kitu mpaka leo? Katazo lile lilikuwa la miezi ya mwanzo tu, mfupa wa kifua uunge. Uliunga siku nyingi. Gunia namkataza bado, umri umekwenda. Lakini ndoo ya maji anaweza, tena itamfaa. Hakuna aliyewaambia lini katazo linaisha, na hilo ni kosa letu sisi tunaovaa nguo nyeupe. Umembebea miaka yote hii mzigo ambao yeye angeubeba.

Deborah


Kibondo
7 Aprili 2024

Mwanangu Deborah,

Barua hii Harerimana asijue.

Kwa ajili yake mwenyewe hatakuja. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemtumia mchungaji, nimemtumia hata mkewe. Anasema kazi ni nyingi. Lakini kwa ajili yangu hajawahi kukataa kitu. Basi nimeanza kuumwa. Nikipita karibu naye napumua kwa kuvuta, najishika kifua, namwomba Mungu kwa sauti. Mke wangu anasema ningefukuzwa kwenye kikundi chochote cha maigizo, lakini Harerimana ameamini, uso umemsawajika mpaka nimemwonea huruma. Nimemwambia umeniita Kasulu, na kwamba siwezi kusafiri peke yangu kwa kuwa simsikii kondakta. Amekubali hata kabla sijamaliza sentensi.

Tutafika Alhamisi. Unipokee mimi kama mgonjwa, nihangaikie kidogo, kisha umgeukie yeye. Nami nitatoa damu yangu, ya kwangu kweli safari hii. Sylvesta ameshaonywa asionekane na dumu lake.

Usiku nawaza. Nilimpeleka atoe damu kwa jina langu, nikamfanya aonekane ni mimi. Siku ile niliona ni jambo dogo. Mungu asimchukue na yeye kwa jina langu.

Baba yako,
Bazilio


Kasulu
20 Mei 2024

Mzee Bazilio, na Baba Irakoze uliye karibu naye,

Shikamooni nyote wawili. Barua hii naandika moja makusudi, mkae mahali pamoja muisome. Siri zimetosha.

Kwanza niseme kwamba sijacheka siku nyingi kama nilivyocheka pale stendi. Mlishuka kwenye basi kila mmoja amemshika mwenzake mkono, na kabla sijamaliza kuwaamkia, kila mmoja kwa zamu yake akaninong'oneza nianze na mwenzake. Kunong'ona kwa Mzee kulisikika mpaka sokoni. Kicheko kiliniisha pale mashine ya kuandika mapigo ya moyo ilipotoa karatasi ya Baba Irakoze. Ndiyo maana niliwatuma Dar es Salaam moja kwa moja, bila hata kuwaruhusu kurudi nyumbani kuchukua nguo, na nawashukuru kwamba hamkubishana nami. Dar es Salaam ni mbali kwa mtu aliyevaa malapa.

Majibu yote sasa ninayo. Mishipa miwili ya moyo wa Baba Irakoze imekuwa myembamba, haijaziba. Madaktari hawampasui. Atameza vidonge kila jioni, atapunguza kubeba, na atarudi kwa madaktari hao kabla ya mwaka kwisha. Waliniambia kwa simu kwamba angeendelea na magunia mpaka mavuno yaishe, mazungumzo yetu yangekuwa mengine.

Damu nayo imesema. Ya Mzee iko chini kama siku zote. Ya Baba Irakoze iko juu, vilevile kama ilivyokuwa Januari. Mzee, baba ni mmoja na mama ni mmoja, lakini kila mtoto huchota fungu lake bila kutazama, na ndugu wawili wanaweza kutoka na mafungu tofauti. Irakoze naye naomba nimpime, kwa utaratibu tu, asishtuke.

Na nikuambie jambo litakaloniudhi mpaka nizeeke. Kwa kipimo hiki kimoja, hakukuwa na haja ya kufunga. Ungekuja na urwarwa yako tumboni, hata na ng'ombe mzima, kingesoma vilevile. Tuliwaambia mfunge kwa ajili ya vile vipimo vingine. Ungejua hilo, ungekaa wewe kwenye kiti, na tusingemjua Harerimana. Nimewaeleza wakubwa wangu yote. Walinigombeza sana, wakaiondoa damu ya Januari kwenye utafiti, na walikuwa na haki. Kisha mmoja wao akauliza: hawa wengine wote tunaowafuatilia, wana wadogo zao? Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu namuuliza habari za nduguze.

Mwanenu,
Deborah


Kibondo
9 Juni 2024

Mwanangu Deborah,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na huzuni na sikujua ni ya nini. Mtu ameambiwa damu yake ni nzuri, anahuzunika. Sasa nimeielewa. Nilitaka na yangu iwe juu. Tumekula sahani moja tangu tukiwa watoto wa wakimbizi hatuna hata mkeka, tukaoa mwaka mmoja, tukajenga nyumba zinazotazamana, halafu hili limwangukie yeye peke yake. Nimeona kama nimemwacha njiani.

Ile barua yako kwake, yenye habari kwamba naweza kubeba ndoo, ameitoa mfukoni baada ya safari yote. Mke wangu ameisoma. Alikwenda akaleta ndoo akaiweka mbele ya miguu yangu. Nimeona haya, mwanangu. Tangu siku hiyo nachota maji ya nyumba zote mbili. Mlima ule ni mkali kuliko nilivyoukumbuka.

Lakini shida iko hapa. Harerimana hamezi vidonge. Anavipokea, anashukuru, anavitia kwenye kopo juu ya kabati, kopo linazidi kujaa. Anasema kifua kimetulia kwa kupumzika. Anasema dawa ni za waliopasuliwa. Nimemhubiria mpaka sauti imenikauka, yeye ananitazama kwa upole, anasema ndiyo kaka, na hamezi. Mna kipimo gani cha hilo?

Na vidonge hivyo vinayashusha kweli yale mafuta ya mkia?

Bazilio


Kasulu
13 Juni 2024

Mzee Bazilio,

Shikamoo. Haviyashushi. Dawa ya mafuta ya mkia bado inatafutwa, na mimi kila wiki nauliza kama imepatikana. Hivi vidonge vinashusha mafuta mengine na kulainisha safari ya damu, ili mzigo wote upungue. Ni vilevile unavyomeza wewe tangu 2018, jina lilelile na rangi ileile.

Kipimo cha mtu anayesema ndiyo na hamezi sina. Najua kuuliza tu. Nawe umehubiri, umefoka, umekalia gunia, lakini katika barua zako zote sijaona mahali ulipomuuliza anaogopa nini. Muulize, kisha unyamaze. Wewe husikii vizuri, kwa hiyo kaa karibu.

Deborah


Kibondo
30 Juni 2024

Nesi Deborah,

Kaka amesema niandike mimi, kwa sababu yeye akiandika ataongeza chumvi.

Alikuja jioni akavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Akauliza: "Harerimana, unaogopa nini?" Kisha akanyamaza. Kaka hajawahi kunyamaza muda mrefu hivyo. Ikabidi nijibu.

Nikamwambia kwamba tangu nizaliwe sijanywa kitu ambacho aliyenipa hakukionja. Pombe, maziwa, hata dawa za mizizi, mama alikuwa anaonja mbele yetu. Kule Dar es Salaam walinipa vidonge kupitia kidirisha kidogo. Sikuuona hata uso wa aliyenipa, niliona mkono tu, na mkono ule ukaita mtu mwingine. Najua wao si watu wabaya. Lakini nikikiweka mdomoni, koo linakataa. Niliona aibu kusema hivyo kwa watu wa shule.

Kaka hakucheka. Alisimama akaenda kwenye kabati, akashusha kopo langu. Akatoa kidonge kimoja, akanionyesha kwenye mwanga wa taa, akakimeza kwa maji huku namtazama. Akafungua mdomo nione. Kisha akatoa kidonge chake cha jioni hiyo kwenye mfuko wa shati, akakitia kwenye kopo langu kufidia. Tukakaa kidogo, kama inavyokaliwa pombe ikishaonjwa. Ndipo akatoa kingine akanipa, nami nikameza.

Sasa inakuwa hivyo kila jioni. Anakuja, anaonja, ananipa. Mke wangu anasema tutalichakaza kopo kwa kufungua na kufunga. Mwambie mkubwa wako aliyeuliza habari za wadogo kwamba niko.

Jana alichelewa. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kopo, jua linazama, nikamsikia anapandisha kutoka kisimani na ndoo. Anapumua kwa nguvu na anaimba, na kuimba hajui. Nilitaka kusimama nimpokee. Nikakumbuka, nikabaki nimekaa, kidonge mkononi, nikamngoja afike aonje.

Harerimana